Albamu ya Pili Iliyochekwa Garsen

Siku hizi kila mtu hapa Garsen ni mjuzi wa muziki. Redio ikipiga nyimbo za ile bendi yetu ya zamani, vijana kwa wazee wanatikisa vichwa na kusema wanamuziki wa kweli walikwisha. Wakisema bendi wana maana ya albamu ya kwanza tu. Ya pili hawaitaji, na akitokea wa kuitaja wenzake huangua kicheko. Mimi hukaa kwenye cherehani yangu nikiwasikiliza, na nikishawasikiliza nawadharau.

Niseme kwanza hiyo albamu ya kwanza ilikuwa nini, maana wengi wanaoililia hawajawahi kuisikiliza wakiwa wamekaa. Wavulana watatu wa mtoni na dadangu mkubwa walichoka na magita ya wazee, wakanunua kinanda cha umeme. Walijiita wimbi jipya, kwa sababu walisikia huko Ulaya kuna bendi za vinanda zinazoitwa hivyo, wakaona jina halina mwenyewe. Kinanda kilikuwa na kitufe cha ngoma: ukikibonyeza, ngoma inajipiga yenyewe mpaka umeme ukatike. Wakakibonyeza kitufe kilekile katika nyimbo zote. Maneno yalikuwa njoo mpenzi, mbona huji, basi njoo. Albamu nzima mpenzi haji, na mimi simlaumu. Ilipigwa kwenye harusi, mikahawani na hata kwenye mikutano ya siasa, na kwa kucheza ilifaa, sikatai. Lakini kumwita mtu msanii kwa kazi ile ni sawa na kumwita mpishi aliyechemsha maji.

Ya pili waliirekodi Mombasa, na studio iliwapa kaseti mbili tu. Moja alibaki nayo mpiga kinanda, ambaye hata Garsen hakushuka. Alipitiliza hadi Bura kushika shamba la mfereji aliloachiwa na babake. Nyingine dadangu aliipeleka kwa mwenye duka la kaseti hapa mjini. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi: kaseti mama inakaa dukani, nawe mwanamuziki unapewa nakala kama mteja yeyote. Mara mto ukafurika, barabara ikakatika, na nakala zikaanza kuuzwa maji yakiwa bado yamesimama sokoni.

Garsen ilisikia bendi yake ikiimba mbio mbio kwa sauti nyembamba, kama vifaranga waliokoswa na mwewe. Watu walicheka wakashika mbavu. Waliinunua wakaicheke nyumbani, wakaiita kaseti ya vifaranga. Dadangu akipita sokoni walimlilia kwa sauti hizo, watu wazima wenye watoto, hata wazee wa kanisa letu. Alirudi Golbanti kulima mpunga na ndizi, na tangu hapo hajaimba. Kanisani nyimbo zikianza, anashika kitabu na kufumba mdomo. Mama alipokuwa akifa alimwomba amwimbie kidogo tu, na hakumwimbia. Waliocheka nawajua kwa nyuso, na wengine wao nawashonea nguo.

Mwaka jana nilipeleka sare za shule kwa mteja wa Bura. Nilipomaliza, nikamwambia mwenye bodaboda anifikishe kwa mpiga kinanda, maana nilikuwa nimemwekea maneno yake moyoni muda mrefu. Nilimkuta mferejini, suruali ameikunja hadi magotini. Bila salamu ndefu nikamwambia kinanda chake ndicho kilichomharibia dadangu maisha. Alinitazama asinielewe. Alisema yeye alijua tu kwamba Garsen haikuipenda albamu ile, na basi, muziki ni bahati. Lakini kuchekwa? Bura hakuna aliyewahi kuicheka. Kaseti yake alikuwa ameihamishia kwenye simu, na akaniwekea hapohapo ukingoni.

Aliyekuwa akiimba sikumjua, kwa jinsi masikio yangu yalivyozoea vile vifaranga. Ilikuwa sauti nzito ya mwanamke, isiyo na haraka na mtu. Nikauliza huyu walimtoa wapi.

“Huyo ni dadako,” akasema.

Tusidanganyane kuhusu albamu yenyewe. Wimbo wa tatu ni takataka ukiwa mbio na ukiwa polepole. Wa mwisho wavulana wanaitikia kama watu walioamshwa kwa nguvu, na kitufe cha ngoma kimerudi kutusumbua. Lakini wimbo wa pili, unaohusu mwanamke anayechimba mihogo yake kabla maji hayajafika shambani, ngoma wameizima. Kinanda kinashika sauti moja ya chini na kumwachia nafasi. Hakuna mpenzi anayeitwa. Dadangu anaimba kama anayeongea na mtu aliye karibu naye, na mahali ambapo ile albamu ya kwanza ingepiga kelele, yeye ananyamaza kidogo, kisha anaendelea na mihogo yake. Ulipokwisha nikamwomba anirushie albamu nzima kwenye simu yangu. Mji huu haujatoa kitu kizuri kama kile, na ulipokipata ukakikanyaga.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa yule mwenye duka. Sasa anauza chaja na vifuniko vya simu, na hualikwa redioni kueleza jinsi alivyoinua muziki wa Tana River. Nikamuuliza siku za mafuriko alinakili vipi. Hakuficha, hata aibu hakuona. Dizeli ya jenereta ilikuwa imemwishia, kwa hiyo aliunganisha redio mbili kwa waya, moja ya kucheza na nyingine ya kurekodi, zote za betri, yale mawe ya redio. Mawe mapya alikuwa nayo ya redio moja tu. Aliyatia kwenye ile ya kucheza, akiogopa ikichoka itaitafuna kaseti mama. Ile ya kurekodi aliipa mawe yaliyokufa, aliyoyaanika juu ya bati yapate jua.

Sote tulianika mawe ya redio wakati ule, kila paa lilikuwa nayo, na tuliridhika tukiambulia taarifa ya habari. Ila mawe ya kuanikwa hayana nguvu ya kuzungusha kaseti ipasavyo. Redio ya kurekodi ilijikokota, na kilichorekodiwa kwa kujikokota, ukikicheza kwenye redio yenye nguvu kinakimbia. Waya ukishachomekwa spika inanyamaza, kwa hiyo wakati wa kunakili yeye mwenyewe hakusikia kitu. Nikamuuliza alijua lini. Akasema alijua nakala ya kwanza ilipochezwa mlangoni pake, lakini watu walikuwa tayari wamejaa wakizitaka.

“Walifurahi, mama,” akaniambia. “Kicheko nacho ni burudani.”

Nilitoka kabla sijamtukana, na mpaka leo najuta kutomtukana.

Kesho yake nikaenda Golbanti. Dadangu alikuwa akipepeta mpunga nje ya nyumba. Nikaweka simu juu ya mkeka, nikamwambia asikilize kwanza, ndipo aniseme. Ungo ulimsimama mikononi. Alisikiliza ule wimbo wa pili hadi mwisho, akataka nimrudishie mwanzo. Nikamweleza habari ya mawe na ya redio mbili, huku nikimlaani mwenye duka, wazee wa kanisa na Garsen yote kwa jumla. Nilingoja naye alaani. Nilitaka hata msonyo mmoja, niende nao mjini.

Hasira hakuwa nayo. Aliniuliza kama kweli siku ile aliimba hivyo, kama vile mwenyewe alivyojisikia akiimba. Nikamwambia ndiyo, ni yeye, hakuna kilichoongezwa.

“Mimi nilijua sauti yangu si ile ya kwenye kaseti,” akasema. “Halafu nikafikiri, mashine haina chuki na mimi. Basi mashine ndiyo inanisikia kweli, na mama aliyeniomba nimwimbie alikuwa ananihurumia tu.”

Akauchukua ungo wake. Nilikaa naye mpaka mpunga ukaisha, nimetega sikio. Hakuimba.