Mboga Haihesabiwi

Masharti ya kujiunga na masta ya takwimu yalikuwa kurasa mbili. Niliyasoma kama mtu anayesoma hati ya mashtaka, nikitafuta mahali pa kubishia. Lisansi, yaani digrii ya kwanza, ya hisabati au ya uchumi: ninayo, ya uchumi. Saa za algebra zionekane kwenye karatasi ya pointi: zangu zilikuwa chache, kwa sababu mwalimu wa algebra alikuwa akija Kalemie kwa ndege, na mwaka ule ndege ilikuja ilipotaka. Barua mbili za walimu wanaomfahamu mwombaji vizuri. Hapo nilicheka. Chuoni tulikuwa tukikaa watano kwenye benchi la watatu. Nani alimfahamu nani? Mwisho, kurasa kumi za uchambuzi wa data ambazo mwombaji amezikusanya mwenyewe.

Barua ya kwanza niliipata bila shida. Ya pili nilimwomba profesa aliyesimamia kazi yangu ya mwisho.

“Miye nitaandika nini?” aliniuliza bila kuinua macho. “Andika weye mwenyewe, ulete, nitasinye.”

Nikaandika. Si rahisi kujisifu kwa sauti ya mtu mwingine. Baada ya mistari ya kawaida niliongeza sentensi moja iliyonipendeza: “Kijana huyu hutilia shaka kila kitu, akianzia na kazi yake mwenyewe.” Profesa alitia sahihi, akapiga muhuri. Sina hakika kama alisoma.

Data nilizitafuta karibu na nyumbani. Kwa wiki nane, kila asubuhi, nilisimama mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga ziwani, na daftari, nikihesabu mabeseni ya ndagala, dagaa wa kwetu, ya ekipe moja ya wavuvi yenye mitumbwi minne. Kapita wao, yaani msimamizi, alikuwa Papa mmoja, mzee mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua likiwaka. Alikubali nihesabu kwa sharti moja, nisiwazibie njia akina Mama wanunuzi.

Swali langu lilihusu mwezi. Ndagala huvuliwa kwa taa, na mwezi ukingʼaa taa hazivuti kitu. Wavuvi wote husema kwamba mwezi unapokua, samaki hupungua kidogo kidogo. Nilishuku hilo neno “kidogo kidogo”. Watu hulisema juu ya kila jambo ambalo hawakulipima.

Data zangu ziliniunga mkono. Mabeseni yalikuwa mengi, mengi, kisha ghafla sufuri, sufuri, sufuri. Siku za beseni moja au mawili karibu hazikuwapo. Kwenye grafu mstari ulianguka kama ukuta. Niliandika kwamba mavuno hayapungui, hukatika, na kwamba kumbukumbu ya wavuvi inalainisha mambo. Nilijivunia hasa lile neno, “inalainisha”.

Siku nne kabla ya tarehe ya mwisho nilimpelekea Papa kapita ile grafu. Sikwenda kumuuliza. Nilikwenda kumwonyesha.

Aliishika kwa ncha za vidole, maana mikono yake ilikuwa na maji.

“Hapa chini njo nini?”

“Njo sufuri, Papa. Siku hizo hamkupata kitu.”

Aliwaita wenzake waliokuwa wakitandaza nyavu. “Mukuje muone! Mukubwa wa univasite anasema tulilala na njaa wiki nzima!” Walicheka wote. Kisha akanigeukia. “Na weye, siku hizo, ulirudi kwenu mikono mitupu?”

Jibu nilikuwa nalo.

Kila asubuhi, kabla beseni la kwanza halijajazwa, ekipe huondoa mboga: fungu la kila mtu la kupeleka nyumbani. Samaki wakiwa wengi, mboga ni sehemu ndogo. Wakiwa wachache, wote ni mboga, na hakuna beseni. Na kwa kuwa nilisimama pale kila siku, nilihesabiwa kuwa mtu wa ekipe, nami nilipewa sashe yangu, kifuko cha plastiki chenye ndagala. Siku ya sufuri niliandika sufuri, nikafunga daftari, nikabeba ndagala nyumbani. Jioni niliwala na ugali. Hivyo kwa wiki nane nilikula sehemu ya data zangu.

“Sasa Papa, kila muntu alipata mboga kiasi gani? Hata kwa kukadiria tu.”

Uso wake ukabadilika. “Mboga haihesabiwi. Unahesabu chakula ya muntu? Kesho utahesabu na tonge mudomoni?”

Nikarudi kwa profesa, nikamweleza. Alisikiliza vizuri, kisha akasema, “Tuma vile iko. Kule nani anajua mboga?”

Alisema kweli. Hakuna ambaye angejua. Grafu ilikuwa nzuri, na bila hitimisho lake kurasa zangu kumi zilikuwa orodha ya mabeseni. Saa zangu za algebra zilikuwa chache. Kurasa zile ndizo zilizopaswa kunibeba. Lakini kulikuwa na ile barua, yenye sahihi na muhuri, na sentensi ambayo hakuna mwingine wa kulaumiwa kwayo.

Nilifuta sufuri zote. Mahali pake nikaandika “haijulikani”. Ukuta ulitoweka, grafu ikabaki na mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba. Nikaeleza mboga ni nini, kwa nini haikuhesabiwa, na kwamba mimi niliila. Kuhusu “kidogo kidogo” niliandika kwamba data hizi haziwezi kuwakanusha wavuvi. Nikatuma.

Jibu lilikuja baada ya muda mrefu: nimekubaliwa, kwa sharti la kusoma kwanza muhula mmoja wa algebra. Juu ya zile kurasa kumi, hakuna hata neno moja. Sijui kama zilinisaidia, zilinidhuru, au hazikufunguliwa. Mwombaji mmoja, jibu moja. Hakuna cha kuhitimisha hapo.

Nilikwenda mwaloni kumwambia Papa kapita. Sikuwa na daftari. Ilikuwa asubuhi ya samaki wachache, na akina Mama wanunuzi walikuwa wameshaanza kuondoka na mabeseni yao matupu.

“Algebra njo nini?” aliuliza.

“Kuhesabu kitu usichokiona.”

“Eh. Basi wamekujua.”

Akanipa sashe. Ilikuwa nyepesi kuliko za zamani, au nilidhani hivyo. Nyumbani tuna mizani ndogo ya jikoni. Nilipita mbele ya mizani bila kupima, nikampa Mama sashe, naye alikuwa ameshaweka mafuta motoni.