Sukari ya Mama Flora

Pasaka iliyopita chupa tisa za bia ya kujitengenezea zilimpasukia Getrude, moja baada ya nyingine, mchana kweupe, huku mumewe Optatus akijibanza nyuma ya mlango wa stoo. Alikuwa ametia sukari kwa kijiko katika kila chupa, kwa kukadiria tu, kama mtu anayetia kwenye chai. Tangu siku hiyo Makote nzima walimtania: "Mama Flora, vita vinaanza tena lini?"

Lakini Getrude hakuwa mtu wa kushindwa na chupa. Miaka ishirini na sita alipika jikoni hospitalini Ndanda, na huko ndiko mpishi mwenzake, Veridiana, alikomfundisha kutengeneza bia ya kimea cha mtama. Julai hii yeye na Optatus walikuwa wanatimiza miaka arobaini ya ndoa. Alishaapa kwamba wageni watakunywa bia yake, ya chupa, yenye povu.

Akampigia simu Veridiana.

"Kosa lako ni kijiko," Veridiana alimwambia. "Pima sukari ya ndoo nzima kwa pamoja. Gramu sita kwa kila lita, basi. Na uhakikishe pombe imeshatulia kabisa."

Ndoo yake ilikuwa na lita ishirini za pombe iliyokwisha kutulia. Getrude akaenda dukani kwa Zuhra, mwenye mzani wa betri.

"Shikamoo, Mama Flora."

"Marahaba, mwanangu. Nipimie sukari gramu mia na ishirini. Isizidi hata chembe."

Zuhra akacheka. "Pombe mimi siijui, lakini mzani naujua." Akawa anapunguza kwa ncha ya kijiko mpaka namba ikatulia.

Nyumbani Getrude alichota nusu lita kwenye tangi la maji ya mvua, kwa uangalifu, maana masika yalishapita na bomba lilikuwa kavu wiki ya pili. Akatia sukari, akakoroga mpaka ikayeyuka yote, akaiacha ichemke dakika tano. Kisha akafunika sufuria ipoe. Optatus akapita, akafunua, akachungulia.

"Ndiyo hii tu? Kwa ndoo nzima?"

"Funika, Baba Flora, unaingiza vumbi."

"Si uongeze hata kikombe kimoja? Wageni ni wengi."

"Hii si ya utamu. Ni chakula cha hamira, itoe gesi ndani ya chupa. Ukiilisha kupita kiasi utarudi nyuma ya mlango."

Optatus akafunika.

Ilipopoa, Getrude aliimimina kwenye ndoo safi, akashushia pombe juu yake kwa mpira mwembamba, polepole, machicha yakabaki chini katika ndoo ya kwanza. Akakoroga taratibu kwa mwiko uliochemshwa. Zikajaa chupa thelathini na nane za kioo na moja ya soda, ya plastiki, ili awe anaibonyeza kila siku ajue gesi inavyopanda.

Siku ya tano plastiki ilikuwa bado laini. Optatus akaleta bakuli la sukari akaliweka mezani. Getrude alilitazama kwa muda mrefu, mkono ukimwasha. Akaona heri atoke nje kwanza. Upepo wa Julai ukamgonga mabegani, akajikunyata ndani ya kanga, na hapo ndipo akaelewa. Hamira haikuwa na njaa, ilikuwa inasikia baridi.

"Njoo tubebe!" akaita.

Wakahamishia makreti jikoni, kwenye ukuta wa meko. Siku ya tisa ile chupa ya plastiki haikubonyea tena.

Jumapili, baada ya misa, Optatus alifungua chupa ya kwanza mbele ya wageni. Ikapumua. Povu likapanda mpaka ukingoni mwa glasi, likakaa hapo, jeupe. Akaonja, akaonja tena.

"Mke wangu huyu," alisema, akainua glasi juu.

Paulina, dada wa Optatus, akapiga kigelegele kwa niaba yake. Getrude akavua viatu, akavuta kiti, akaipokea glasi yake kwa mikono miwili.