Kichupa cha Mkwe

Mwaka 1996 muuguzi Mama Vumilia alikusanya makohozi ya wachimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa, ili maabara ilinganishe fangasi wa mapafu yao na kujua kama wanaambukizana. Majibu yakarudi: mate matupu! Akawafokea wachimbaji, akawaita wakaidi wakubwa.

Kesho yake akaja nyumbani kwake Davis, mume wa binti yake Vumilia, naye mchimbaji, kifua kimembana. Alikipokea kichupa cha makohozi kwa mikono miwili, akageukia ukutani, akameza kohozi, akatema mate. Angekohoaje mbele ya mama mkwe?

Mama Vumilia akaona haya. Kumbe wote aliowafokea walikuwa wakimheshimu vivyo hivyo, wakiona aibu kukohoa mbele ya mama.

"Baki humu, baba."

Akatoka uani, akashika mchi, akatwanga kinu kitupu kwa kishindo, asisikie lolote, mpaka alipokiona kichupa kizingitini, kimefunikwa kwa kofia ya Davis.