Kofia Zilipovuliwa

Wiki iliyopita, hapa Kasongo, jirani yangu aliniita barazani kwake nisikilize kesi ya mke wake. Kaka watatu wa huyo jirani walikuwa wameketi mbele ya yule mwanamke.

"Tangu umuoe huyu, nywele yako iko naisha," mkubwa wao alimwambia mdogo wake, kidole kikimwelekea shemeji. "Amekufanyia dawa. Arudi kwao Wamaza."

Mwanamke alijibu polepole: "Mimi niko hapa na watoto. Yeye kila mara iko Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, hapati usingizi, anavuta sigara usiku na mchana. Mumuulize yeye."

Hakuna aliyemuuliza. Adhuhuri ilipofika, ndugu hao wanne, mume akiwemo, walikwenda uani kutawadha, wakavua kofia wapake maji kichwani. Vichwa vinne viling'aa juani, upara wa wote umepanda kutoka kwenye paji kwa njia ile ile, kama wa marehemu baba yao.

Walivaa kofia, wakaswali, wakarudi kuhukumu.

"Na baba yenu," niliuliza, "alifanyiwa dawa na mama yenu?"

Mkubwa aliishusha kofia mpaka kwenye nyusi.

Jioni pikipiki ilimrudisha mke huyo, mtoto wa watu, kwao Wamaza. Upara umebaki Kasongo na wenyewe.