Kitabu cha Mia na Kumi na Mbili

Maktaba ya kanisa la Harmsen, Iowa, ilikuwa chumba cha chini, kati ya jiko na stoo ya viti vya kukunja, na mtunzaji wake alikuwa Ardith Haverkamp. Alikuwa na miaka sitini na tatu, hajawahi kuolewa, mstaafu wa ofisi ya ghala la nafaka, alikowapimia wakulima mahindi yao kwa miaka thelathini na nane huku akisikiliza malalamiko yao juu ya mvua. Rafu ya juu ilikuwa ya vitabu vya kufafanua Maandiko, na vumbi lake. Rafu tatu za chini zilikuwa za riwaya za mapenzi ya kale: mabibi harusi waliopanda treni kwenda kuolewa na wanaume wasiowajua, walimu wa shule za nyikani, wajane waliobaki na shamba na ng'ombe mmoja. Wote wacha Mungu, na wote, baada ya homa na tufani za theluji na kutoelewana kwingi, walibusiana mara moja tu, karibu na ukurasa wa mwisho. Rafu hizo hazikupata vumbi hata siku moja.

Wanaume wa kanisa walizifanyia mzaha kila Jumapili walipopita kwenda kunywa kahawa.

"Ardith, yule dada wa kofia kashaolewa, au bado anamlilia mhunzi?"

"Bado. Ila wewe ungekuwa mle ndani ungekuwa mwizi wa farasi, tena wa sura ya pili tu."

Hakuona haya. Yeye mwenyewe aliwahi kuposwa mara moja, na mkaguzi wa mizani, siku ambayo mkaguzi huyo alikuwa amelewa. Lakini hakuzisoma riwaya zile kwa kujidanganya kwamba kuna mhunzi anakuja. Alipenda jambo jingine. Mle ndani kila mwanamume mkimya, hata awe mgumu kama jiwe, ukifika ukurasa wa mia tatu hana budi kufungua moyo. Kule Harmsen watu walizikwa na maneno yao kifuani, wakasifiwa kwa hilo.

Msomaji mwenzake alikuwa Willa Tolsma, mke wa mfugaji wa nguruwe. Kila kitabu kilipita mikononi mwao wote wawili kwa zaidi ya miaka thelathini, na Willa alikuwa na desturi ya kuandika kwa penseli pembezoni mwa kurasa, kisha Ardith naye akajibu chini yake. *Huyu bwana anahitaji kuoga kabla ya kuposa. Ardith, hapa nimelia mpaka viazi vikaungua.* Walikutana kila wiki, wakaongea habari za hali ya hewa na nani amelazwa. Mambo mengine waliambiana kwa penseli tu. Ndani ya jalada Willa aliandika namba, kwa mpangilio wa kusoma kwake.

Willa alifariki mwezi wa pili, moyo ulisimama ghafla. Ardith alipaka siagi mikate ya mazishi, akaosha vikombe vyote, akarudi nyumbani, akakaa na koti lake mwilini mpaka chai ikapoa.

Mwezi wa tatu Gerrit Tolsma, mume wa marehemu, alishusha maboksi manne kwenye ngazi za kanisa. Alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, mrefu, masikio mekundu kwa baridi.

"Vya Willa," alisema. "Mimi sina kazi navyo."

"Asante, shemeji. Unaendeleaje?"

"Salama," akasema Gerrit, akaondoka.

Baada ya wiki tatu akarudi. Alisimama mlangoni akiizungusha kofia mkononi.

"Nataka kimoja."

"Kipi?"

"Chenye mwanamke kwenye jalada. Kasimama na farasi."

Ardith aligeuka akaziangalia rafu tatu. "Shemeji, una nafasi? Vuta kiti. Hapa wanawake waliosimama na farasi wanafika arobaini."

Gerrit alikaribia kucheka. Kisha akaeleza, kidogo kidogo, kama mtu anayevuta msumari uliopinda. Kitabu kimoja kilibaki chini ya kitanda. Alikiinua akitupe kwenye boksi, kikafunguka, akaona mwandiko wa mkewe: *Gerrit anakoroma hapa pembeni kama trekta, na mimi nataka kujua kama huyu binti atapona.* Akakaa kitandani, akasoma kutoka pale mpaka mwisho. Halafu akarudia mwanzo.

"Alipona?" Ardith aliuliza, ingawa alijua.

"Alipona." Akakohoa. "Nilikuwa na wasiwasi naye pale mtoni."

Ardith hakumcheka. Alichukua karatasi ya kaki, akakifunika kitabu kingine chenye farasi, jalada lisionekane, akampa. Tangu siku hiyo Gerrit akawa anakuja kila Alhamisi asubuhi, baada ya kulisha mifugo, anarudisha kimoja anachukua kingine. Alifuata namba za Willa, moja baada ya nyingine, kuanzia pale kilipoishia kile cha chini ya kitanda, cha themanini na tano. Mwanzoni alizungumzia maandishi ya penseli tu. Baadaye akaanza kuzungumzia hadithi zenyewe.

"Kitu kimoja sikielewi," alisema Alhamisi moja. "Unajua kabisa watu hawa wataoana. Unajua tangu ukurasa wa kwanza. Sasa raha iko wapi?"

"Wewe hujui Pasaka inavyoisha?"

"Najua."

"Mbona unakuja kila mwaka?"

Gerrit alilitafuna jibu hilo pamoja na kipande cha keki ya shayiri. "Haya," alisema mwishowe. "Hapo umenikamata."

Ardith alizizoea Alhamisi zile kuliko alivyotaka kukiri. Lakini zilimletea hofu pia, kwa sababu namba zilikuwa zinapanda, na yeye alijua kinachokuja. Siku ile maboksi yalipofika alikuwa amechomoa kitabu kimoja, cha mia na kumi na mbili, akakipeleka nyumbani, akakiweka kwenye droo ya vitambaa vya meza.

Kitabu hicho Ardith na Willa walikisoma mwaka 1988. Mwaka huo Willa na Gerrit, waliokuwa tayari na binti mmoja, walipata binti wa pili. Alipewa jina Elise, akaishi siku mbili. Tangu walipomzika, hakuna aliyemsikia Gerrit akilitaja jina lile. Aliyoyaandika Willa pembezoni mwa kitabu kile yalimhusu Gerrit, na hayakuwa matamu.

Mwezi wa kumi, mahindi yakivunwa, Gerrit alirudisha cha mia na kumi na moja. Alipitisha kidole kwenye rafu nzima.

"Cha mia na kumi na mbili kiko wapi?"

"Kimepotea," Ardith alisema.

"Willa hakupoteza vitabu."

"Mimi ndiye niliyekipoteza, shemeji. Siku nyingi."

Alimtazama kidogo, akachukua cha mia na kumi na tatu, akapanda ngazi polepole. Ardith alibaki na muhuri wa tarehe mkononi. Alikuwa amesema uongo ndani ya kanisa, mita chache chini ya mimbari. Jumapili iliyofuata alikaa kwenye benchi lake na peremende yake mdomoni, mchungaji akahubiri juu ya Nehemia na ukuta, naye hakusikia hata tofali moja. Alijiambia anamlinda mzee. Lakini kila alipolisema hilo moyoni, lilijibiwa na swali: anamlinda Gerrit, au anajilinda mwenyewe, asimpoteze huyu kama alivyompoteza Willa?

Jumatatu akakitoa kitabu kwenye droo, akawasha gari, akaenda shambani.

Gerrit alimkaribisha jikoni. Kulikuwa na sahani moja kwenye kichanja cha vyombo, na uma mmoja. Ardith hakuvua koti.

"Nilikudanganya," alisema. "Hakikupotea. Nilikificha."

Gerrit akakitazama kitabu mkononi mwake.

"Kuna maneno mle. Aliyaandika mwaka ule wa Elise."

Jina lile lilipotoka, Gerrit alishika ukingo wa meza. Kisha akakaa.

"Nisomee," akasema.

"Shemeji, ukipenda nitakiacha hapa nikaondoka, usome mwenyewe taratibu."

"Hapana. Alikuandikia wewe. Wewe soma."

Ardith alivaa miwani. Ukurasa aliujua. Katika hadithi, mume na mke walikuwa wamesimama kwenye kaburi la mtoto wao nyikani, na mume analia waziwazi. Pembeni, penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka imekwaruza karatasi. Akasoma:

"'Ardith, angalia huyu anavyolia na mkewe. Wangu alitoka makaburini akaenda kulisha nguruwe. Wiki sita sasa, nyumba kimya. Leo nimefungasha sanduku. Ningekuwa na mahali pa kwenda, ningekwenda.'"

Saa ya ukutani iliendelea na kazi yake. Nje lori la mahindi lilipita barabarani, likatokomea.

"Sanduku nililiona," alisema Gerrit. "La bluu. Lilikuwa mlangoni mwa chumba. Nikalipita nikaenda zizini." Aliitazama mikono yake. "Nilidhani nikifungua mdomo nitapiga yowe, na nikianza sitanyamaza. Nikaona nimwondolee hilo. Sasa naona nilimwachia yote abebe peke yake."

"Gerrit."

"Niliporudi ndani, sanduku halikuwepo. Sikuuliza. Miaka yote hii sikuuliza kwa nini alibaki."

Ardith alivua miwani, akaiweka juu ya kitabu. Ndipo alipotambua kwamba alipokificha kitabu, alikuwa ameficha na kitu kingine, ambacho hakikuandikwa popote.

"Mimi niliuliza," alisema. "Siku niliposoma haya nilimpigia simu kutoka kazini. Nikamwambia, njoo kwangu, chumba kipo, lete na mtoto. Akaniambia sanduku ameshalifungua. Alisema alikufuata zizini siku ile akugombeze, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, kisha aondoke. Akafika mlangoni akakusikia."

Gerrit aliinua kichwa.

"Alikusikia, shemeji. Hakuingia. Alisema alisimama nje, kwenye baridi, mpaka ukamaliza. Halafu akarudi akakupikia."

"Alijua?"

"Tangu siku ile."

"Mbona hakuniambia?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema kilio kile ulikwenda kukificha mbali, na yeye hakutaka kukunyang'anya. Alisema akishajua kwamba kipo, anaweza kukaa nacho."

Mzee alifunika uso kwa mikono. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, pale pale mezani, mchana kweupe. Ardith hakujua la kufanya na mikono yake. Mwishowe alivua koti, akaweka maji ya kahawa jikoni, akasimama kando ya jiko akimwacha alie. Kahawa ilipochemka akamimina vikombe viwili.

"Alikuwa na nywele," Gerrit alisema, akipangusa uso kwa leso. "Elise. Nyeusi, nyingi. Hakuna mtu kwetu mwenye nywele nyeusi. Willa alisema ni za bibi yake."

"Hilo sikulijua."

"Nilimbeba mara mbili."

Wakakaa mpaka kahawa ikaisha. Gerrit alimweleza mambo yote ya siku zile mbili, nayo hayakuwa mengi, lakini aliyakumbuka kila moja. Ardith alipoinuka, Gerrit alimsindikiza mpaka kwenye gari, na kabla hajafunga mlango akasema, "Usinifiche tena kitu, Ardith. Mimi si wa kioo."

"Sitakuficha."

Jioni hiyohiyo Gerrit alimpigia simu binti yake, Corrine, anayeishi Omaha. Corrine alikuwa na miaka minne wakati ule, na alikua akidhani ile habari ya mdogo wake haifai kuulizwa. Waliongea saa nzima. Baadaye Corrine alimpigia Ardith akauliza, kwa wasiwasi kabisa, kama baba yake anaumwa.

"Haumwi," Ardith alisema. "Ameanza kusema."

Kaburi la mtoto lilikuwa na jiwe dogo lenye jina la ukoo tu. Theluji ilipoyeyuka, Gerrit aliagiza jiwe jingine, lenye jina kamili na zile tarehe mbili zinazofuatana. Siku ya kuliweka walikuwa watatu: yeye, Corrine na Ardith. Upepo ulikuwa mkali, kama kawaida ya pale. Gerrit alikuwa amejiandalia maneno kwenye karatasi, akaitazama, akaikunja, akasema tu, "Elise, huyu ni dada yako." Corrine akamshika mkono.

Kiangazi kile Ardith alianzisha kikao cha wasomaji, Alhamisi saa nne, chumba cha chini. Walikuja wanawake tisa na Gerrit. Karatasi za kaki Gerrit aliziacha. Alipita mbele ya wanaume wenzake na farasi na mwanamke wakionekana vizuri kabisa kwapani. Mmoja alipomuuliza kama sasa anajifunza kushona, alimjibu, "Soma kimoja, Arlo, labda mkeo atazungumza nawe." Arlo aliondoka na kitabu, ingawa alidai ni cha mkewe.

Kikaoni Gerrit alikuwa msumbufu. Wanawake walitaka kuzungumzia subira na rehema, naye anataka kuzungumzia ndama.

"Anasema ng'ombe kazaa mapacha asubuhi, na jioni yuko malishoni anaruka. Nani kaandika hivi? Huyu hajawahi kuona ng'ombe!"

"Shemeji, mtu ametoka kuposwa ukurasa uleule, wewe unaangalia ng'ombe?"

"Na kuposwa nimeona. Nasema tu, ng'ombe angekuwa amelala."

Harmsen ni mji mdogo, na watu walianza kuhesabu Alhamisi kwa niaba yao. Mke wa mchungaji mwenyewe alimvuta Ardith pembeni kwenye karamu ya kanisa, akamuuliza kwa upole kama kuna habari njema ya kutangazwa.

"Mama mchungaji, harusi nazipenda za kwenye kitabu," Ardith alisema. "Za kanisani nimeshaosha vyombo vyake vya kutosha."

Hawakuoana. Lakini Ardith alipopasuliwa jicho, Gerrit ndiye aliyemwendesha kilomita mia moja kwenye mvua ya barafu, na kwa wiki mbili alizokatazwa kusoma, alikuja kila siku baada ya chakula cha mchana kumsomea. Alisoma vibaya, bila vituo, sauti moja kwa mhunzi na kwa bibi harusi. Kila baada ya kurasa chache alisimama.

"Hapa ungeandika nini?" aliuliza.

Ardith alifikiri, kitambaa kikiwa machoni, akamwambia. Gerrit akailamba ncha ya penseli, akaandika kama alivyoambiwa, kisha akaongeza lake.