Picha ya Bati Pale Soga

Niite mwongo ukipenda, lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, tena saa nne asubuhi, jua likiwaka, kwenye stesheni ya zamani ya Soga. Siku hiyo walileta kichwa cha treni ya moshi watu wakitazame, na fundi mmoja alikuwa akipiga picha za kizamani, zile zinazotokea juu ya kipande cha bati.

Nilikwenda kwa sababu ya mama. Enzi zake aliuza mahindi ya kuchemsha pale, akikimbilia madirisha ya mabehewa. Amefariki miaka sita sasa, na picha yake pekee iliungua pamoja na nyumba yetu ya Dutumi. Unajua ilivyo kuanza kusahau pua ya mama yako? Inauma, nakwambia.

Fundi akanikalisha kwenye benchi, peke yangu. "Dada, usigeuke, usifungue mdomo. Ukitikisika tu, uso unafutika." Akatoa kifuniko cha kamera, akaanza kuhesabu. Alipofika nne, nikasikia nyuma yangu: "Kibibi!"

Hilo ni jina langu la nyumbani. Ofisini kwetu Kibaha hakuna anayelijua. Mkono ukatua begani, wa moto, unanukia mahindi. "Kibibi! We Kibibi!" Kwetu mama akikuita unaitika abee hata kama una tonge mdomoni, na mama alichukia kuita mara mbili. Mimi je? Nikakaza shingo. Niliogopa kuharibu picha, mjinga mimi! Akaita mara ya tatu, kwa unyonge, kisha bega likawa jepesi.

Fundi alipomaliza kusafisha bati lake, alinitazama vibaya. "Huyu mama alisimama hapa saa ngapi?"

Mimi nimetoka safi, hadi kope. Nyuma yangu kuna mwanamke aliyejitanda kanga, na mkono wake begani mwangu unaonekana mpaka kucha. Uso ni ukungu mtupu, kwa sababu alikuwa akiita. Ningeitika mara ya kwanza angenyamaza, angetulia, na leo ningekuwa na sura yake. Uso wangu ndio ungefutika, na ungefutika tu!

Tangu siku hiyo, nikiwa jikoni naitika abee bila kuitwa, na mume wangu amechoka kuuliza namwitikia nani. Nakuomba wewe unayesoma: sauti uliyoililia siku zote ikikuita, itika. Usisubiri iite tena.