Bei ya Kiko cha Mpingo

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya viko pale Mchafukoge, Fundi Mkuu hakuniuliza hata jina. Alinipa kiko cha mpingo ambacho hakijang'arishwa, akasema, "Kishike mpaka ukijue." Nilikishika asubuhi nzima, nikiona haya.

Ninyi vijana viko mnaviona kwenye picha tu. Kiko kina mrija wa kuvutia, na kina bori, yaani kile kikombe kinachotiwa tumbaku. Fundi Mkuu alikereza bori kwenye mashine, kwa mpingo uliokaushwa stoo miaka mingi, maana mti mbichi hupasuka ukipata moto. Mimi nilipiga msasa, nikapaka nta ya nyuki, nikasugua kwa kitambaa mpaka uso wangu uonekane ndani yake. Kiko kimoja kiliuzwa bei ya jozi ya viatu vya ngozi. Miaka ya uhaba, tulipopanga foleni ya sabuni, bei ilipanda zaidi, na bado wateja walikuja: makarani, walimu, wazee wa Kiarabu wenye maduka. Mtu alinunua kimoja akazeeka nacho.

Kisha biashara ikaachiwa huria. Tajiri wetu, mzee wa Kihindu, alikuwa amechoka, akamwachia mwanawe umeneja. Nami nikahamishiwa duka letu la Mtaa wa Msimbazi, kuuza. Kariakoo ilifurika bidhaa. Jirani yetu wa upande wa pili alipanga mezani viko vya ng'ambo, vya unga wa mbao uliogandishwa, kila kimoja bei ya soda mbili. Wateja walishika chetu, wakauliza bei, wakacheka, wakavuka barabara.

Meneja alituita karakana. "Fundi, mpingo basi. Tumia mbao laini, tupake rangi nyeusi."

"Mbao laini itaungua, bwana."

"Ikiungua atanunua kingine. Au tufunge, kila mtu aende kwake?"

Fundi Mkuu alitutazama sote, watu sita wenye watoto. Akawasha mashine.

Kupaka rangi nilipewa mimi, asubuhi kabla ya kufungua duka.

Haukupita mwezi, akaja mwalimu mstaafu wa Magomeni, mteja wetu wa zamani. Kiko chake kilikuwa kimeibwa. Nikamwamkia, akaitika, akachukua kimoja cha vile vipya, akakigeuzageuza.

"Bei imeshuka sana. Mpingo huu, mwanangu?"

Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema, "Mpingo, mwalimu."

Alirudi baada ya wiki mbili. Bori lilikuwa limetoboka ubavuni, na kiganja chake kimefungwa bendeji. Hakupaza sauti. "Sikukiuliza kiko," alisema. "Nilikuuliza wewe."

Nilikipeleka karakana kile kiko. Fundi Mkuu alipitisha kidole kwenye tundu, rangi yangu ikamganda kidoleni. Nikamweleza nilivyosema. Akazima mashine, akavua aproni, akavaa shati lake, akaondoka. Nilimwita mpaka barabarani. Hakugeuka. Nilikwenda kwake mara mbili. Mkewe alinipokea vizuri, akaniambia amelala. Mara ya tatu nilikuta matanga yake.

Mimi nilibaki. Nilikuwa na ada za shule, na nyumba ya kupanga. Nikaendelea kupaka rangi na kuuza, bei ikishuka kila mwaka, mpaka hata wa kununua kwa bei ya soda moja hakuwepo, na duka likafungwa.

Sasa nimestaafu. Juzi nilipita duka la vinyago mjini, nikaona kiko cha mpingo. Bei yake ingenilisha miezi miwili. Nikamuuliza kijana muuzaji kama kinavutika.

"Hapana mama, hicho cha mapambo tu. Wazungu wanaweka kabatini."

Binti zangu huniambia niwafundishe wajukuu kazi yangu, isipotee. Lakini Fundi Mkuu hakuacha mwanafunzi, na mimi kazi niliyoifanya miaka mingi kuliko zote ni kupaka rangi.